Viazi vyangu si GMO

Kwa Mhariri,

Mimi nauza viazi vitamu hapa Nakuru, na nimechoka kuitwa muuza GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni.

Juzi nilikata kiazi kimoja mteja aone rangi ya machungwa iliyo ndani. Akakirudisha guniani kana kwamba kimemchoma. "Hiki ni cha maabara, siwezi kumpa mtoto," akasema, kisha akanunua karoti kwa jirani yangu! Ilhali rangi ni ileile, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga.

Viazi hivi havikupandikizwa jeni maabara. Vilipatikana kwa kuchavusha maua na kuchagua miche iliyo bora, msimu baada ya msimu. Robert Mwanga wa Uganda ni mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2016 kwa kazi hiyo. GMO ni habari nyingine: ilipigwa marufuku nchini Kenya 2012, Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, kesi zikafuata. Anayeipinga na anayeitaka, wote ni wateja wangu.

Nilimwuliza afisa mmoja wa kilimo atufafanulie. Alicheka tu, akaenda zake. Naomba Wizara ya Kilimo na watafiti wa kilimo wa KALRO kule Njoro waje sokoni watueleze kipi ni kipi, kwa Kiswahili. Nanyi wakulima wa Molo na Gilgil, mnapanda marando gani?

Mama Viazi,
Nakuru