Tupeni saa nzima

Kuna kauli imekuwa wimbo kwenye vyumba vya habari: eti vijana wa siku hizi hawana muda wa mazungumzo marefu. Peleka wazo la kipindi cha saa nzima, mgeni mmoja, mada moja, uone. Utaambiwa: "Nani atasikiliza? Lete dakika tatu, halafu muziki." Mimi siikubali kauli hiyo.

Hapa Saza, wilayani Songwe, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Mwingereza. Mchimbaji mdogo anayeosha mchanga mwaloni ana kazi ya mikono na macho, lakini masikio yake yako huru kutwa nzima. Vivyo hivyo fundi cherehani, na dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Muda wa kusikiliza wanao. Wanachokosa ni kitu cha maana cha kusikiliza.

Chukua suala la zebaki. Inatumika kunasa dhahabu kwenye mchanga, kisha inachomwa na mvuke wake unaingia mapafuni. Inadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia hata mtoto tumboni. Kwenye taarifa ya habari utasikia kiongozi "amewataka wachimbaji kuacha matumizi holela ya zebaki". Basi, kwaheri. Hakuna anayemuuliza: waache watumie nini? Kifaa cha kunasa mvuke kinauzwa wapi, na kwa bei gani? Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Je, mwaloni kumebadilika nini? Maswali haya hayajibiki kwa dakika tatu.

Hapo ndipo ulipo utamu wa mazungumzo marefu: swali la pili. Kwa dakika tatu mgeni anaweza kujificha nyuma ya sentensi alizokariri. Ikifika dakika ya arobaini zimekwisha, na sasa unamsikia mtu akifikiri. Anasita, anajirekebisha, wakati mwingine anakiri kwamba jambo fulani halijui. Wewe msikilizaji unafikiri pamoja naye, kama uko barazani.

Wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wengi walikuwa wakulima wa vijijini, na hakuna aliyesema mada ni nzito mno kwao. Leo Idhaa ya Kiswahili ya DW ina Maoni Mbele ya Meza ya Duara, na mtandaoni vijana wameyafuata mahojiano marefu ya Salama Jabir katika Salama Na. Kwa hiyo wasikilizaji wapo.

Tusidanganyane lakini: urefu peke yake si kina. Saa mbili za kusifiana na kucheka ni saa mbili zilizopotea. Kina kinatokana na mtangazaji aliyesoma kabla ya kuingia studio, na mwenye ujasiri wa kusema, "Mheshimiwa, hujanijibu."

Najua pia bando ni ghali, na podikasti ya saa nzima ni mzigo kwa mwenye simu ndogo. Ndiyo maana naanza na redio, ambayo haidai bando. Kipindi kikishapita hewani, kirekodiwe na kuwekwa mtandaoni. Mmoja akikipakua mjini Tunduma, wenzake kumi watahamishiana kwa kadi ya simu, kama wanavyohamishiana nyimbo.

Saa moja tu kwa wiki, ndugu zangu wa redio za mikoani. Mleteni daktari, mleteni afisa madini, na mchimbaji mwenyewe awe mezani, maana pumzi inayovuta mvuke ule ni yake. Msipotupa saa hiyo, tutabaki na watu wanaojua kwamba zebaki "imekatazwa" bila kujua inawafanya nini.

Tafakari.