Si Kila Damu Ubongoni Ni ya Presha

Mgonjwa akifikishwa hospitali ameanguka ghafla, upande mmoja umelegea na maneno hayatoki, jambo la kwanza ni kufungwa mkanda wa presha. Mashine ikisoma 190 kwa 110, ndugu hutazamana: presha hiyo. Na mara nyingi wanakuwa sahihi, kwa sababu shinikizo la damu ndilo mpasuaji mkuu wa mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo. Tatizo ni kwamba ubongo unaovuja damu nao hupandisha presha, hata ya mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Namba ile ya mapokezi inaweza kuwa matokeo, lakini kwenye faili inaandikwa kama chanzo, na mjadala unaishia hapo.

Katika sehemu ndogo ya visa hivi, kwa makadirio mengi chini ya asilimia 10, aliyevujisha damu ni uvimbe. Uvimbe unaokua kwa kasi hujiotesha mishipa ovyo ovyo, yenye kuta nyembamba zisizohimili msukumo wa damu. Glioblastoma, inayoanzia ubongoni kwenyewe, hufanya hivyo. Na saratani zilizohamia huko kutoka mapafu, figo au ngozi pia. Damu ikishamwagika huufunika uvimbe wenyewe, na CT scan ya siku ya kwanza inaweza kuonyesha bonge jeupe tu.

Je, kila aliyevuja damu arudi kupigwa picha ya pili wiki kadhaa baadaye, bonge likishayeyuka? Sioni sababu. Mzee wa miaka 70 aliyeishi na presha miaka mingi, damu yake ikiwa imetokea kule kule presha inakozoea kupasua, atagharimika bure, na kwa wengi wetu MRI ni safari ya mkoa mwingine. Tena glioblastoma, hata ukiijua, bado haina dawa ya kuiponya. Picha ya pili wapewe wanaotia shaka: kijana asiye na historia ya presha, mwenye damu iliyovuja karibu na uso wa ubongo au sehemu mbili tatu kwa mpigo, na aliyewahi kutibiwa saratani.

Lakini kuna kundi ambalo hata picha ya pili ni kulichelewesha: wanawake wa umri wa kuzaa. Koriokasinoma ni saratani ya chembe za kondo la nyuma. Aghalabu hufuata mimba zabibu, ila hutokea pia baada ya mimba kuharibika au uzazi wa kawaida kabisa, pengine miezi mingi baadaye. Hupenda mapafu na ubongo, na huvuja damu kuliko karibu saratani zote. Kukata kipande chake kwa uchunguzi ni hatari kwa sababu hiyo hiyo. Bahati ni kwamba inajitangaza yenyewe: humwaga homoni ya hCG, ile ile inayosomwa na kipimo cha mimba kinachouzwa duka la dawa kwa bei ya soda moja au mbili.

Na inatibika. Mwaka 1956, huko Bethesda, Marekani, daktari Min Chiu Li aliitibu kwa methotreksati ikiwa imeshasambaa mwilini. Vivimbe vilipotoweka kwenye picha, yeye aliendelea kutoa dawa kwa kuwa hCG ilikuwa bado haijaisha. Wakubwa wake waliona anawatesa watu waliopona, akapoteza kazi. Baadaye ilibainika kwamba walioachishwa dawa mapema ndio waliorudiwa na ugonjwa. Leo, kwenye vituo vyenye uzoefu, wengi huponywa hata ikiwa imefika ubongoni.

Kwa hiyo ninapowasikia viongozi wakihesabu mashine za CT scan zilizonunuliwa, nauliza kama fomu ya dharura ina swali moja la ziada: mama huyu aliwahi kusafishwa kizazi lini? Aliyetolewa mimba zabibu anapaswa kupimwa hCG kila wiki mpaka iishe, kisha kila mwezi kwa miezi kadhaa. Mara nyingi huambiwa pole, akaruhusiwa.

Wapo watakaosema kumpima hCG kila mwanamke wa umri wa kuzaa aliyevuja damu ubongoni kutawachanganya madaktari, maana kipimo kinaweza kuonyesha mimba ya kawaida tu. Na kionyeshe. Kifafa cha mimba nacho huvujisha damu ubongoni, na baadhi ya dawa za presha hazifai kwa mjamzito.