Bibi Asikie Maneno: Kebo ya Shaba au Kebo ya Mwanga?



Mama mmoja wa Chinongwe, wilayani Ruangwa, ametuletea swali ambalo nyumba nyingi huliuliza baada ya mnada wa ufuta au korosho, fedha zinapoingia na vifaa vipya vikaletwa sebuleni. Kijana wake amenunua televisheni ya flati, akaleta na amplifaya ya zamani yenye spika mbili. Mavyaa wake, bibi wa nyumba ile, ni mtu mzima sana. Picha anaiona, lakini mawaidha yanampita: sauti anaisikia, maneno hayapati. Muuzaji wa vifaa amemshauri kijana anunue kebo ya mwanga, kwa kuwa eti ndiyo yenye sauti safi na besi nzito, na bei yake ni mara kadhaa ya kebo ya kawaida. Baba mwenye nyumba anasema huo ni ubadhirifu. Mama anauliza: nani mwenye haki kati yao?

Tuanze na bibi, maana shida ni yake. Televisheni za siku hizi ni nyembamba mno, na spika zake ni ndogo, aghalabu zimeelekezwa chini au nyuma. Sauti hugonga ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji. Kwa upande wa pili, umri unapokwenda, sikio hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu, na hizo ndizo zinazotofautisha sini na thaa, au "fa" na "sa". Mzee hubaki akisikia mvumo wa msomaji pasipo kuzipambanua herufi. Kwa hiyo kijana alifanya jambo jema kuleta spika zinazomtazama bibi yake usoni. Dawa yenyewe imo katika spika. Kebo ni njia tu ya kuifikisha sauti huko.

Sasa njia hizo mbili. Nyuma ya vifaa hivi kuna tundu la duara, mara nyingi la rangi ya chungwa, lililoandikwa "COAXIAL", na jingine la pembe nne lenye kifuniko kidogo, lililoandikwa "OPTICAL". La kwanza hupitisha umeme mdogo katika waya wa shaba. La pili hupitisha mwanga mwekundu katika uzi wa plastiki. Asili yake ni zama za santuri ndogo za CD, zilizoingia sokoni Japani mwaka 1982. Makampuni ya Sony na Philips, yaliyoiunda santuri hiyo, ndiyo yaliyoweka utaratibu wa kuitoa sauti yake ikiwa bado ni tarakimu, na mwaka 1983 kampuni ya Toshiba ikaja na kebo ya mwanga kwa ajili ya mashine zake.

Neno la kushika ni hilo: tarakimu. Kinachopita humo hakifanani na sauti ya redio ya zamani, ambayo waya mbovu uliweza kuifanya hafifu au nzito. Ni sifuri na moja zinazofuatana kwa kasi. Kwa CD peke yake ni 1,411,200 kila sekunde. Tarakimu hizo ni zile zile, zikibebwa na shaba au zikibebwa na mwanga. Zikifika salama, amplifaya huzigeuza kuwa sauti, na sauti hiyo ni moja. Zisipofika salama, hutasikia besi imepungua. Utasikia sauti ikikatika, ikipasuka, au kunyamaza kabisa. Basi maneno ya muuzaji juu ya besi hayana msingi, na hapo baba ana haki. Wapo mabingwa wa vifaa vya gharama kubwa wanaobishana juu ya tofauti ndogo ndogo kati ya njia hizi. Tuwaachie wao. Kwa sauti ya matangazo ya televisheni, tundu lolote kati ya hayo mawili linatosha na kubaki.

Hata hivyo kebo ya mwanga ina sifa moja ya kweli ambayo muuzaji hakuitaja, nayo ni kwamba haipitishi umeme. Nyumba nyingi zina dishi juu ya paa, waya wake ukishuka hadi kwenye king'amuzi na kuunganishwa na televisheni, ilhali amplifaya imechomekwa kwenye soketi nyingine, au inatumia umeme wa sola kupitia inveta. Vifaa viwili visipokuwa na ethi moja, umeme kidogo huweza kupita katika waya wa shaba unaoviunganisha, na spika zikatoa muungurumo mfululizo hata pasipo mtu kuzungumza. Muungurumo huo humfunika msomaji, na kwa mtu kama bibi yetu ni balaa. Kebo ya mwanga huukata pale pale, kwani uzi wa plastiki haufahamiani na umeme. Ikiwa muungurumo upo, na fundi ameshindwa kuuondoa kwa kuhamishia vifaa vyote kwenye soketi moja, gharama ya kebo hiyo si ubadhirifu hata kidogo.

Udhaifu wake nao usifichwe. Uzi ule ni wa plastiki, si kioo kama nyuzi za mkongo wa taifa wa mawasiliano zinazovuka mikoa, kwa hiyo usitegemee umbali mrefu. Mita tano ndani ya chumba ni salama. Hautaki kukunjwa kama kamba ya mbuzi, wala kupigiliwa misumari ukutani. Panya akiutafuna, hakuna fundi wa kuulehemu kwa risasi; ni kununua mwingine, pengine kwa safari ya Ruangwa mjini au Nachingwea. Vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake viondolewe kabla ya kuchomeka. Tunalisema hili kwa sababu wengi husahau, kisha wakaishtaki kebo.

Kebo ya shaba, kinyume chake, yeyote anayefunga madishi anaweza kuitengeneza. Waya wa dishi una ukinzani wa omu 75, na ndio huo huo unaotakiwa na tundu la duara. Akate kipande kinachotosha, aweke ncha za RCA pande zote mbili, waya wa kati uingie kwenye pini, wavu wa nje ushikwe na pete, na unywele hata mmoja wa wavu usiguse pini. Hata ule waya wa njano katika seti ya nyaya tatu za video, nyekundu, nyeupe na njano, unafaa kwa umbali mfupi.

Mama ametueleza kwamba king'amuzi chao cha dishi kina tundu la duara, televisheni ina la mwanga pekee, na amplifaya inayapokea yote mawili. Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ni mwepesi kuliko ugomvi wenyewe. Sauti ikitoka kwenye king'amuzi kwa kebo ya shaba, haipiti katika televisheni kabisa. Bibi anaweza kuamka alfajiri akasikiliza qiraa au swala inayorushwa kutoka Makka, kioo cha televisheni kikiwa kimezimwa, na umeme ukaokolewa. Kasoro yake ni kwamba mawaidha yaliyo kwenye flashi iliyochomekwa katika televisheni hayatasikika kwa njia hiyo, kwa kuwa hayapiti katika king'amuzi. Kebo ya mwanga kutoka kwenye televisheni hubeba chochote kinachoonekana kiooni, ila televisheni ni lazima iwe imewashwa.

Ushauri wetu basi: waanze na kipande cha waya wa dishi kutoka kwenye king'amuzi. Wakisikia muungurumo usioondoka, au bibi akipenda zaidi mawaidha ya kwenye flashi, hapo wanunue kebo ya mwanga iliyo ya bei ya chini kabisa, wala wasihadaike na ncha zilizopakwa rangi ya dhahabu, maana dhahabu haiongezi mwanga. Kebo zote mbili zinaweza kukaa pamoja kwenye amplifaya, na kitufe cha mbele kikachagua ipi isikike.

Yamebaki mambo machache ya kumwambia kijana. Katika mpangilio wa sauti wa televisheni, na wa king'amuzi pia, achague "PCM". Amplifaya nyingi za zamani hazielewi mfumo wa Dolby, na ukiachwa hapo zitanyamaza au zitatoa kelele za mchanga, kisha lawama iende kwa kebo. Asishangae rimoti ya televisheni ikishindwa kupandisha sauti ya spika. Kazi hiyo sasa mara nyingi ni ya amplifaya. Mvua za radi zinapoanza, achomoe vifaa vyote kwenye umeme pamoja na waya wa dishi, awe ametumia kebo ya mwanga au ya shaba. Spika azishushe zilingane na sikio la mtu aliyeketi mkekani, moja iwe karibu na kikao cha bibi. Kitufe cha besi akipunguze, cha sauti nyembamba akipandishe kidogo kidogo, huku bibi mwenyewe akiulizwa kila mara, "Neno hilo umelipata?"