Majani Yapewe Kipimo, Kideri Kipewe Chanjo

Waraka wa wazi kwa Ofisi ya Mifugo, Halmashauri ya Manispaa ya Moshi

Ndugu Maofisa,

Yah: Kipimo cha majani katika chakula cha kuku wa mayai

Siku hizi ukipita nyuma ya nyumba yenye banda hapa Kiboriloni, hukosi kukuta turubai limeanikwa majani: mlonge uliopandishwa kutoka tambarare, mlusina uliokatwa mpakani mwa kihamba, mashonanguo, majani ya mpapai, hata mwarobaini ambao kuku wenyewe wanaususia.

Mimi ni mmoja wa waanikaji. Sababu ya kwanza ni bei: mashudu ya alizeti na dagaa ndivyo vinavyomaliza hela ya mfugaji, na jani la mlonge lililokauka lina protini karibu robo ya uzito wake, pengine zaidi. Halafu kuna rangi. Mahindi yetu ni meupe, na kuku anayeshindia pumba za mahindi meupe hutaga yai lenye kiini kilichopauka. Mnunuzi akilipasua anasema hili la kisasa, anataka kupunguziwa. Kuku yuleyule mpe majani wiki mbili, kiini kinakolea, na yai linapandishwa cheo kuwa la kienyeji. Kuku hajabadilika; rangi imetoka kwenye jani.

Tatizo letu ni kupima. Mwaka 2007 Kakengi na watafiti wenzake walichapisha jaribio lililofanyika hapahapa Tanzania, la kuweka unga wa majani ya mlonge mahali pa mashudu ya alizeti katika chakula cha kuku wa mayai. Walifika hadi asilimia 20, lakini wakahitimisha kwamba asilimia 10 ndiyo yenye tija zaidi, na kwamba anayeweka majani mengi lazima aongeze vyakula vya kutia nguvu. Angalieni walichofanya: walitoa mashudu, wakaingiza mlonge, hesabu ya chakula chote ikabaki sawa. Sisi hatutoi kitu. Tunachota konzi, tunamwaga juu ya chakula kilichokwisha kuchanganywa, na kesho akilisha mtoto konzi inakuwa nyingine. Kuku wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, basi. Sehemu ya gramu hizo ikiwa nyuzinyuzi za majani, nguvu inapungua, na chokaa ya kujengea ganda inapungua pia. Mayai yakianza kuwa madogo na maganda laini, mfugaji anaongeza majani, kwa kuwa ameambiwa ni lishe!

Na si kila jani la kumpa kuku. Mlusina una mimosini, inayopunguza utagaji ikizidi, ndiyo maana wataalamu hushauri usivuke kama kilo 5 katika kilo 100 za chakula. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi. Mparachichi, ambao kuanzia hapa kupandisha Marangu umejaa vihambani, una pesini kwenye majani yake, sumu inayodhuru moyo wa ndege. Mgeni wa ufugaji atayajuaje haya? Anaona kijani, anakata. Tena masika hapa mlimani hayana jua la kuaminika, na Juni na Julai wingu linakaa siku nzima. Majani yanatiwa kwenye gunia yangali na unyevu, yanaota ukungu, na yanalishwa hivyohivyo.

Majani hayahaya hutumiwa pia kama dawa, na hapo ndipo ninapoomba ukali. Naelewa kwa nini watu wanakimbilia mitishamba. Ukimpa kuku antibiotiki, mayai hayapaswi kuliwa mpaka siku za kusubiri ziishe, na nani kati yetu ana ubavu wa kumwaga trei za mayai? Ulaya walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, na tangu hapo mimea imetafitiwa sana kama mbadala. Lakini kuusaidia utumbo wa kuku ni jambo moja, na kideri, ugonjwa unaoua kuku, ni jingine. Shubiri mwitu kwenye maji ya kunywa haikizuii, wala mwarobaini, wala pilipili kichaa. Kinachokizuia ni chanjo. Ile ya I-2 inatengenezwa nchini, inavumilia joto, na ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Anayeuza unga wa majani kwa kunadi kwamba unatibu kideri anaua mabanda ya watu, na asiachiwe.

Ninachoomba ni karatasi moja ya Kiswahili, ibandikwe sokoni na kwenye maduka ya dawa za mifugo. Iseme jani gani linafaa, likaushwe vipi, kilo ngapi katika kilo 100, ukiingiza utoe nini, na yapi ni sumu. Tarehe za chanjo ya kideri ziwe kwenye karatasi hiyohiyo, si kwenye tangazo jingine. Pia mtuelekeze utaratibu na gharama za kupima sampuli za majani yetu katika maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari iliyoko Arusha. Tukijichanga wafugaji kadhaa, sampuli moja ya mlonge wa tambarare na moja ya mlusina wa huku juu zinatutosha kuanzia.

Ikiwezekana karatasi itoke kabla ya masika, wakati jua bado linakausha.

Wenu,
Mfugaji wa kuku wa mayai, Kiboriloni