Bluu na njano ni ngapi?

Muulize mtoto wa darasa la pili tano jumlisha tatu ni ngapi, atakujibu hujamaliza kuuliza. Sasa muulize: ukichanganya bluu na njano unapata nini? Wengi watakukodolea macho. Si wajinga hao. Ni kwamba tangu waanze shule hakuna mtu mzima aliyewawekea rangi mbili mbele yao akawaambia, "Haya, changanyeni tuone."

Najua wapo watakaosema: bwana wewe, nchi ina matatizo kibao, madawati hayatoshi, madarasa yamefurika, halafu unatuletea habari za kupaka rangi? Ndiyo, nawaletea. Nisikilizeni kwanza, mawe mtanipiga baadaye.

Tuanze na hicho kinachoitwa kipindi cha kuchora katika shule zetu nyingi. Mwalimu anachora chungwa ubaoni. Watoto 80 wanachora chungwa lile lile. Mwenye penseli ya rangi ya machungwa anapaka, asiyekuwa nayo anaazima, akinyimwa analiacha jeupe. Mwalimu anapita na kalamu yake nyekundu: vema, vema, rudia. Kipindi kimekwisha. Yule aliyeacha chungwa jeupe alikuwa na penseli nyekundu na ya njano mkononi. Hakuna aliyemwambia kwamba akipaka njano kwanza, kisha nyekundu kidogo juu yake, chungwa lake litaiva lenyewe.

Msidhani kule kwa wenzetu wa inglishi midiamu mambo ni tofauti sana. Rangi za maji wanazo, brashi wanazo. Lakini mara nyingi mtoto anakabidhiwa karatasi yenye picha iliyochapwa tayari, na kazi yake ni kujaza bila kuvuka mstari. Anayevuka anaambiwa mchafu. Kwa hiyo wa kwetu anakosa rangi, na wa kule anazo lakini haruhusiwi kuzichezea. Wote wawili wamefundishwa kunakili.

Sasa kwa nini nang'ang'ania kuchanganya na si kupaka tu? Kwa sababu hapo ndipo mtoto wa miaka saba anapofanya sayansi bila kujua kama anafanya sayansi. Anakisia: nikitia bluu humu itakuwaje? Anajaribu. Anaona jibu kwa macho yake, palepale, bila kusubiri mwalimu asahihishe. Akitia njano kidogo kwenye bluu nyingi, anashangaa bluu haibadiliki sana. Akigeuza, akaanza na njano kisha tone moja la bluu, kijani hicho! Hapo amejifunza kwamba rangi nzito inameza nyepesi, kwa hiyo uanze na nyepesi na uongeze nzito kidogo kidogo. Huo ni uwiano. Neno lenyewe atalikuta kwenye hisabati miaka kadhaa baadaye, lakini vidole vyake vitakuwa vinalijua tayari.

Na akichanganya zote tatu, nyekundu, njano na bluu, anapata tope. Mwalimu asiyejua atamfokea kwamba ameharibu. Anayejua atamwambia, "Safi, umepata kahawia. Sasa tuchoree shina la mwembe." Mfano mwingine: nyekundu na bluu vitabuni hutoa zambarau, lakini nyekundu nyingi za dukani zina unjano ndani yake, kwa hiyo zambarau inayotoka inafifia na kuelekea hudhurungi. Mtoto atauliza kwa nini. Na mtoto anayeuliza kwa nini ndiye tunayedai kila siku kwamba tunamtafuta.

Tena sisi Waswahili tumebahatika kwa jambo moja. Lugha yetu ina rangi tatu tu zinazobadilika kama vivumishi vya asili: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi tumezipa majina ya vitu. Kijani ni majani, manjano ni bizari, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda, kahawia ni kahawa, waridi ni ua. Mpaka damu ya mzee tunayo! Mtoto anayezungumza Kiswahili ana sanduku zima la rangi mdomoni. Mpe kazi ndogo: nenda katafute rangi ya jivu kwa kuchanganya. Mwingine atafute rangi ya zambarau lililoiva, mwingine lile bichi. Darasa zima litakuwa limeinama kwenye kazi, na mwalimu hatahitaji fimbo.

Haya, swali la hela. Hili ndilo linalotumika kuzima kila mjadala. Chupa tatu ndogo za rangi za chakula, zile wanazotumia waoka keki, nyekundu, njano na bluu, zinapatikana madukani. Pika uji mwepesi wa unga wa ngano au wa muhogo, usitie sukari, uache upoe, ugawe mara tatu, tia rangi. Tayari una rangi ya kuchorea ambayo hata mtoto akilamba hutaita gari la wagonjwa. Nyeupe? Chaki zilizovunjika, zitwange. Nyeusi? Mkaa. Ya matofali? Udongo mwekundu, nchi hii haujapungua. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Karatasi ni maboksi na migongo ya kalenda za mwaka jana. Watoto 80 ni makundi 16 ya watoto watano. Kila kundi vifuniko vitatu vya soda. Hivyo ni vifuniko 48. Niambieni ni baa gani hapa mjini inashindwa kukupa vifuniko 48 bure!

Tahadhari moja tu: msiwape watoto rangi za mafuta za kupakia milango na mageti. Zina mvuke mkali, na baadhi zimewahi kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto.

Na tusijifanye kwamba hili ni jambo geni kwetu. Nendeni Kolo, kule Kondoa, mkaangalie miamba. Watu wa kale walichora wanyama na binadamu kwa rangi zilizotokana na udongo na mawe ya nchi ile ile, na mwaka 2006 UNESCO iliitangaza michoro ile kuwa urithi wa dunia. Hao hawakusubiri bajeti. Mwaka 1968, hapa hapa Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru ambaye hakukanyaga chuo chochote cha sanaa, alianza kuchora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za dari. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Tunawauzia watalii chui na ndege wake, tunajigamba nao, halafu watoto wetu tunawaambia wasivuke mstari.

Kwenye makaratasi, sanaa ipo. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeiweka pamoja na michezo. Lakini kila aliyewahi kusoma shule ya msingi anajua kuna ratiba inayobandikwa ukutani na kuna ratiba ya kweli. Kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kuporwa mtihani ukikaribia, kwa sababu mtihani wa darasa la saba haumuulizi mtu kijani kinatoka wapi. Siwalaumu walimu peke yao. Mwalimu naye alisoma hivyo hivyo, akafunzwa ualimu hivyo hivyo, halafu anapimwa kwa idadi ya waliofaulu. Na sisi wazazi, wajomba na mashangazi ndio tunaomuuliza mtoto, "Hizo rangi zitakupa kazi?"

Jibu lipo hata kwenye kazi yangu. Gazeti la rangi unaloshika asubuhi linachapwa kwa wino wa aina nne tu: sayani, majenta, njano na nyeusi. Chukua kioo cha kukuzia, tazama picha yoyote ya ukurasa wa mbele, utaona vidoti. Jezi za Simba na Yanga, ngozi ya waziri, kanga ya mama sokoni, zote zinatokana na wino huo huo wa aina nne. Yupo mtu kiwandani anayelipwa kuhakikisha haziharibiki. Wapo pia wachapaji wa vitenge, wabunifu wa matangazo, wapaka rangi wa magari. Lakini hata asipokuwa yeyote kati ya hao, atakuwa mtu aliyewahi kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo dakika tano kabla.

Ninachoomba si kikubwa. Kipindi kimoja kwa wiki, darasa la kwanza mpaka la tatu, kisichoguswa na mtihani wowote. Vyuo vya ualimu viwape wanafunzi wao uji wa rangi wachafue mikono, wasiishie kunakili maelezo ya rangi za msingi daftarini. Na somo la kwanza liwe bendera ya taifa: kijani kimo, na wazazi wake wawili, bluu na njano, wamo humo humo. Mwalimu awafunike kijani, awaambie watoto wakitafute.

Naomba kuwasilisha. Je, wewe shuleni kwako uliwahi kuchanganya rangi hata siku moja? Na mwanao?