ELIMU YA NCHI: BAHARI ILIYOKUFA MIGORI NA BAHARI ISIYOZALIWA HOMA BAY

Mkulima wa Nyatike, katika Kaunti ya Migori, alimapo shamba lake huenda jembe likagonga jiwe gumu la rangi ya kijani iliyokoza. Hulitoa, akalitupa mpakani pamoja na mengine, akaendelea na kazi yake. Haoni ajabu, maana mawe ya namna hiyo ni mengi huko. Lakini jiwe hilo lina habari kubwa. Wajuzi wa miamba waliochunguza nchi ile waliona kwamba mengi ya mawe hayo yalikuwa lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto, uliotoka chini ya nchi ukamwagika ndani ya maji. Mahali asimamapo mkulima huyo, zaidi ya kilometa 600 kutoka Mombasa, palikuwa chini ya bahari.

Jirani yake wa Homa Bay naye ana habari yake, nayo ni kinyume cha hiyo. Huko nchi ilianza kupasuka, kana kwamba inataka kuifungulia njia bahari mpya, kisha ikaacha. Basi kaunti hizi mbili zilizopakana ni mashahidi wawili wa jambo moja: kwamba bahari, kama viumbe, huzaliwa, hukua, huzeeka na kufa.

Yafaa habari hizi zijulikane, kwa sababu uvumi hukimbia kuliko elimu. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka huko Suswa karibu na Mai Mahiu, ikaikata barabara ya kwenda Narok, na baadhi ya watu wakahama nyumba zao. Upesi habari na picha zikaenea duniani kote, ya kuwa Afrika inagawanyika vipande viwili mbele ya macho ya watu. Waliosikia, wengine waliingiwa na hofu, wengine walicheka. Wote hao walikosa, maana katika maneno yale mlikuwamo kweli na uongo vimechanganyika. Kwamba Afrika inagawanyika ni kweli. Kwamba mtu aweza kuketi barazani akaitazama ikigawanyika, huo ni uongo.

Ili mtu apambanue, budi ajue kwanza jinsi dunia ilivyoumbwa. Gamba lake la juu limegawanyika vipande vikubwa viitwavyo mabamba, na unene wa bamba ni makumi ya kilometa na zaidi. Chini yake mna mwamba wenye joto kali ambao, ingawa ni mgumu, husogea polepole mno, kama nta iliyowekwa juani. Mpishi wa uji amekwisha kuona mfano wake. Uji ukianza kupoa hufanya utando juu. Sufuria ikitikiswa, utando hupasuka mahali pamoja na kukunjana mahali pengine. Ndivyo yafanyavyo mabamba. Yanapoachana, mwamba ulioyeyuka hupanda ukaziba nafasi, na humo huzaliwa sakafu mpya ya bahari. Yanapokutana, sakafu ya bahari iliyopoa na kuwa nzito huzama chini ya bamba la pili, nayo bahari hupungua hata ikafunga.

Elimu hii haikupokelewa kwa urahisi. Mjerumani Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa pamoja kisha yakaachana, lakini wataalamu wengi walimkataa, kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu iliyoyasukuma. Alikufa Greenland mwaka 1930 kabla hajaaminiwa. Katika miaka ya 1960, sakafu za bahari zilipochunguzwa vema, ilionekana kwamba Atlantiki ni changa katikati, na ya kale zaidi kadiri mtu aendavyo pwani. Mwaka 1966 Mkanada J. Tuzo Wilson akauliza kama mahali pa Atlantiki hapakuwa na bahari nyingine kwanza, iliyofunga kabla ya hii kufunguka. Kutokana na swali hilo wataalamu walijifunza kuzipanga bahari kwa umri.

Mpango wenyewe ni huu. Mimba ya bahari ni bonde la ufa, kama hili la Afrika Mashariki. Mtoto ni Bahari ya Shamu, iliyo nyembamba, na ambayo pande zake mbili zingali zikiachana. Mtu mzima ni Atlantiki. Mzee ni Pasifiki, ambayo sakafu yake inazama karibu pande zote. Mahututi ni Mediterania. Na kaburi ni milima ya Himalaya, mahali ambapo bahari ilifunga na India ikagongana na Asia.

Sasa na tazamwe Homa Bay. Bonde la Ufa, ambalo Mwingereza J. W. Gregory alilichunguza mwaka 1893, linashuka kutoka Ethiopia, likapita Turkana, Baringo, Nakuru, Naivasha na Magadi, hata likaingia Tanzania. Katika safari yake limetoa mkono mmoja mdogo kuelekea magharibi, upitao nchi ya Nyando, na maji ya Ghuba ya Winam yamelala ndani ya mkono huo. Mtu asimamaye katika bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Ruma, akaukazia macho ukingo mrefu wa Kaniamwia, anatazama mahali nchi ilipokatika, upande mmoja ukadidimia na mwingine ukabaki juu. Mlima Homa, vilima vya Ruri, na masalio ya volkano kuu ya Kisingiri huko Gwasi na Rangwa, vyote ni kazi ya moto uliopanda katika nyufa hizo. Majivu ya Kisingiri yalifunika wanyama wa Rusinga miaka zaidi ya milioni 17 iliyopita, na mifupa yao ikageuka mawe. Hata mwaka 1948 Mary Leakey akaliona kisiwani humo fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa.

Mlima Homa una jambo lake la pekee. Umefanywa kwa kabonatiti, mwamba wa jamii ya chokaa uliotoka ardhini hali umeyeyuka. Volkano ya namna hiyo inayowaka hata leo ni moja tu duniani, nayo ni Ol Doinyo Lengai huko Tanzania. Karibu na Homa chemchemi za maji ya moto zingali zikitoka. Na karibu na Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima, ambalo wazee wa Kijaluo husimulia kuwa ni kijiji kilichozama usiku kwa kumnyima mahali pa kulala mwanamke mzee aliyekuwa mgeni. Wajuzi wa miamba hulihesabu ziwa hilo kuwa kasoko ya volkano. Masimulizi hayo mawili hayana haja ya kugombana: moja lafundisha ukarimu, la pili lafundisha habari za nchi.

Lakini mkono wa Winam umechoka. Mara nyingi nchi ianzapo kufunguka hupasuka nyufa tatu zikutanazo mahali pamoja. Mbili huendelea na safari, ya tatu huachwa njiani. Nguvu ya kuivuta nchi imebaki katika ile njia kuu ya Nakuru na Magadi. Kwa hiyo bahari iliyotazamiwa Homa Bay haikuzaliwa, na samaki wanaovuliwa humo ni wa maji matamu.

Migori ni habari nyingine kabisa. Volkano ya Homa, kwa kulinganisha, ni kitu cha jana. Miamba ya Migori ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Humo mna lava yenye umbo la matakia yaliyorundikwa, na lava haifanyi umbo hilo isipokuwa imemwagika ndani ya maji. Mna pia mawe ya chuma yenye milia, yaliyotuama tabaka juu ya tabaka katika bahari tulivu, na mawe yaliyokuwa tope na mchanga wa chini ya bahari. Shaba ya Macalder nayo ni ya asili hiyo. Mwaka 1979 wataalamu walioshuka kwa chombo hata chini ya Pasifiki waliona kwa macho chemchemi za moto zikitoa maji meusi yenye madini. Maji hayo yakutanapo na baridi ya bahari, shaba na chuma na kiberiti huanguka vikafanya rundo. Rundo la namna hiyo ndilo lililozikwa Macalder, na watu wakaja kulichimba, hata mgodi ukafungwa mwaka 1966.

Kisha bahari ile ikafunga. Wataalamu wengi wanaona kwamba sakafu yake na visiwa vyake vya volkano vilisukumwa pamoja vikakunjwa. Katika kubanwa huko miamba ilipasuka, maji ya moto yakapita katika nyufa, na yalipopoa yakaacha mishipa ya jiwe jeupe pamoja na chembe za dhahabu. Bahari hiyo ni ya kale hata haina jina, lakini mirathi yake ndiyo watu wa Nyatike wanayoitafuta kwa sururu mpaka leo.

Tangu wakati huo bahari nyingine zimekuja na kupita. Miaka milioni 600 hivi iliyopita ilifunga bahari iliyokuwa mashariki, na miamba ya Machakos, Kitui na Taita ni mizizi ya milima iliyoinuliwa na mgongano huo. Baadaye, miaka milioni 165 hivi iliyopita, Madagaska ilianza kuiacha Afrika, na Bahari ya Hindi ikafika pwani ya Kenya. Na bahari hiyo nayo imekwisha kuanza kuzama upande wake wa mbali. Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu yake ilijongea kwa ghafula chini ya Sumatra. Mawimbi yaliyoinuka yalivuka bahari nzima, yakaua watu hata katika pwani za Somalia, Kenya na Tanzania.

Je, mkulima aogope? Na afanye hesabu. Bonde la Ufa la Kenya hupanuka kwa milimeta chache tu kila mwaka. Zikiwa 3, basi mtu aishiye miaka 70 litakuwa limepanuka kwa kadiri ya shubiri moja. Kilometa moja itahitaji miaka zaidi ya 300,000. Ni kweli kwamba mara nyingine nchi huruka: Septemba 2005, huko Afar katika Ethiopia, ufa wa kilometa 60 ulifunguka kwa muda mfupi, mahali pengine upana wa meta 8. Kenya nayo haikusahauliwa, maana tarehe 6 Januari 1928 tetemeko kubwa lilitikisa Subukia. Kwa hiyo ajengaye nyumba kando ya nyufa kuu ajenge imara. Lakini bahari ya kuitenga Afrika haitamkuta mjukuu wa mjukuu wake.

Na ule ufa wa Suswa? Wajuzi wengi wa miamba walieleza kwamba nyufa za kale zilikuwa zimejaa majivu laini ya volkano, na maji ya mvua yaliyachukua majivu hayo mpaka ardhi ya juu ikaporomoka. Ajuaye hilo amejua pia adui wake wa karibu ni nani. Maji yaliyokata barabara ya Narok ni ndugu ya maji yanayochimba makorongo katika mashamba ya Homa Bay na kuupeleka udongo mzuri ziwani. Huko Migori, shimo la dhahabu lisilotiwa nguzo huua kwa siku moja, nalo bamba la dunia lisingemgusa mchimbaji huyo maisha yake yote. Zebaki ikamatayo dhahabu ikichomwa jikoni, moshi wake huingia katika miili ya watoto.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa dunia hauzibiki, wala hakuna aliyeagizwa kuuziba. Lakini korongo huzibwa kwa matuta na majani ya kushika udongo; shimo hutiwa nguzo; zebaki huwekwa mbali na chakula na watoto. Nyufa hizo ziko mikononi mwa watu, na wakati wa kuziziba huhesabiwa kwa misimu ya mvua.