Bunduki ni ya Awezaye Kuirekebisha

Kila taifa lililojitawala hulikuta swali hili mlangoni pake: askari wetu ashike bunduki iliyotengenezwa na nani? Wako wasemao kwamba inunuliwe popote palipo na bunduki nzuri, hata kama ni ng'ambo, kwa kuwa maisha ya askari si kitu cha kufanyia majaribio. Na wako wasemao kwamba taifa lisilojitengenezea silaha bado halijajitawala, kwa hiyo bunduki itengenezwe nyumbani, iwe nzuri iwe mbaya. Sisi twasema kwamba kila kundi limeshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikipelekwa vitani huua watu.

Hatutaki kubishana hewani. Na tuitazame nchi moja iliyopita njia zote mbili na kuumia katika zote mbili. Nchi hiyo ni India.

Wahindi hawakuanza jana kutengeneza bunduki. Ishapore, karibu na mji wa Kolkata, pamekuwa na kiwanda cha baruti tangu karne ya 18, na tangu mwanzo wa karne ya 20 zilitengenezwa hapo bunduki za Lee-Enfield, aina ile ile ya 303 waliyobeba wazee wetu wa KAR walipopelekwa kupigana Burma mwaka 1944. Mikono iliyokereza mitutu ile ilikuwa ya Wahindi. Lakini mchoro ulikuwa wa Mwingereza, amri ilikuwa ya Mwingereza, na bunduki ikishamalizika ilikuwa ya Mwingereza. Sheria ya Silaha ya mwaka 1878 ilimtaka Mhindi apate kibali ndipo awe na silaha katika nchi yake mwenyewe, huku Mzungu akisamehewa sharti hilo. Hili ndilo somo la kwanza: kiwanda kusimama juu ya ardhi yako si dalili kwamba kiwanda ni chako.

India ilipata uhuru mwaka 1947. Kiwanda ikakirithi, na bunduki ya zamani ikairithi pia. Miaka 15 ikapita. Tarehe 20 Oktoba, 1962, China ilipoanza mashambulizi katika milima ya Himalaya, askari wa India alikuwa bado na ile 303, ambayo kila ukipiga risasi moja lazima uvute komeo kwa mkono ndipo upige ya pili. Mbele yake walikuwapo askari wenye bunduki zinazojipakia risasi zenyewe. Hatusemi kwamba India ilishindwa kwa ajili ya bunduki peke yake. Viatu vilikosekana, nguo za baridi zilikosekana, na njia za kupelekea chakula zilikosekana. Lakini bunduki ilikuwa mojawapo. Nehru, ambaye alikuwa amekataa kufungamana na upande wowote wa dunia, ikambidi aombe silaha Marekani na Uingereza, nazo zikaletwa kwa ndege.

Haikupita miaka mitatu. Septemba 1965 India na Pakistan zilipopigana, serikali zile zile za Marekani na Uingereza zikafunga mlango wa silaha kwa pande zote mbili. Wao walikuwa na sababu zao, na sababu hizo zilikuwa za kwao, si za India. Hivyo ndivyo yalivyo mambo ya dunia. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi mtegemea cha asiye nduguye atakufaje?

Wasemao «nunua tu» wasome habari hizo mara mbili. Muuza bunduki hauzi bunduki peke yake. Hubaki na vipuri, hubaki na risasi, na hubaki na ufunguo wa ghala lako.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa kundi la pili. Baada ya kipigo cha 1962, wahandisi wa India walifanya kazi ya kusifiwa. Walichukua bunduki za aina ya FAL, zilizobuniwa na kampuni ya FN ya Ubelgiji, wakazifungua, wakazipima kipande kwa kipande, wakachora michoro yao wenyewe, na Ishapore ikazitengeneza kwa wingi. Mwanafunzi anaweza kunakili hesabu ya jirani yake asijue maana yake. Lakini akiichukua ile hesabu, akaivunja, akaijenga upya kwa mkono wake mwenyewe, huyo amejifunza. Bunduki ile ililitumikia jeshi la India miaka mingi.

Katika miaka ya 1980, wahandisi wa Pune walibuni bunduki nyingine, iitwayo INSAS, ya risasi ndogo ya milimita 5.56. Ubunifu ulichukua muda mrefu, hata ikabidi kununua bunduki za AK katika Ulaya ya Mashariki ili kuziba pengo. Hatimaye, katika miaka ya 1990, INSAS ikafika mikononi mwa askari, nayo ikasifiwa sana kwamba ni mtoto wa nyumbani. Kisha ikaja vita ya Kargil mwaka 1999, juu ya vilele vya mawe na theluji. Huko askari wakaona mambo mengine. Visanduku vya plastiki vya kutilia risasi vilipasuka kwa baridi. Bunduki nyingine zilikwama. Nyingine zilimrukia mpigaji mafuta machoni. Agosti 2005, huko Kalikot katika Nepal, wanajeshi zaidi ya 40 wa nchi hiyo waliuawa, na jeshi lao likalalamika kwamba INSAS walizopewa zilikwama katikati ya mapigano. India ikajibu kwamba hazikutumiwa inavyopasa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mhandisi naye ni mgema. Akisifiwa kila siku magazetini na katika hotuba kabla bunduki yake haijapimwa na baridi, vumbi na matope, atalala. Na atakayelipa gharama ya usingizi wake si yeye, bali ni kijana wa mkulima aliyelala nyuma ya jiwe huku kidole chake kikivuta na bunduki isiitike.

Lakini asitokee mtu akacheka na kusema, «Mwaona? Kazi hii ni ya Wazungu.» Mzungu naye bunduki zake zimekwama. Wamarekani walipoipeleka M16 katika vita ya Vietnam, vijana wao waliuawa wakiwa na bunduki zilizokwama. Baruti ilikuwa imebadilishwa, na askari wengi hawakupewa hata vifaa vya kusafishia. Uingereza nayo iliwapa askari wake bunduki ya SA80 katika miaka ya 1980, ikawa na kasoro nyingi hata ikabidi ipewe kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani kurekebishwa, kazi iliyoanza mwaka 2000. Na kiwanda cha Enfield chenyewe, ambacho jina lake lilitetemesha dunia nzima, kilikuwa kimefungwa tangu mwaka 1988. Taifa lililowauzia bunduki watu wa kila bara lilikwenda kwa jirani kutafuta fundi.

Basi tofauti iko wapi? Haiko katika kuwa na kasoro, kwa maana hakuna bunduki iliyozaliwa bila kasoro. Tofauti iko katika kinachofuata baada ya askari kulalamika. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani iliichunguza M16 na kuwalaumu wakubwa waliohusika. Mtutu ukapakwa kromu ndani, vifaa vya kusafishia vikapelekwa, na bunduki ikapona. Waliweza kuiponya kwa sababu mchoro ulikuwa wao, kiwanda kilikuwa chao, na malalamiko hayakuitwa uhaini. Mwenye bunduki ni yule awezaye kuirekebisha. Wengine wote wameazima, hata kama wamelipa fedha taslimu.

Kwa kipimo hiki na tuyatazame mambo ya karibuni. Mwaka 2011 India ilitangaza zabuni ya kununua bunduki mpya ng'ambo, na mwaka 2015 ikaifuta. Mwaka 2017 jeshi lilizijaribu bunduki nyingine za Ishapore, likazikataa. Februari 2019 serikali ikasema kwamba haja ni ya haraka, ikaagiza bunduki 72,400 za SIG716 kutoka kampuni ya SIG Sauer ya Marekani. Mwezi uliofuata, tarehe 3 Machi, Waziri Mkuu Narendra Modi alikwenda Amethi, katika jimbo la Uttar Pradesh, kuzindua mradi wa kiwanda cha Korwa, cha kutengeneza bunduki za AK-203 kwa ubia na Urusi. Makofi yakapigwa. Lakini mazungumzo ya bei na ya kufundishwa ufundi yaliendelea hadi Desemba 2021 ndipo mkataba wa bunduki 601,427 ukatiwa sahihi. Miezi miwili baadaye Urusi ikaingia vitani Ukraine na kuwekewa vikwazo. Kufikia Julai 2024, bunduki 35,000 ndizo zilizotangazwa kuwa zimekabidhiwa. Agosti 2024 ikaagizwa SIG716 nyingine, 73,000. Kile kilichonunuliwa kwa haraka ya siku moja kilirudi kununuliwa tena baada ya miaka mitano!

Tena kuna jambo ambalo watu wa mijini hawalioni. INSAS yala risasi ya milimita 5.56. SIG716 yala risasi ya milimita 7.62 yenye ganda la urefu wa milimita 51. AK-203 nayo ni ya milimita 7.62, lakini ganda lake ni la milimita 39, na risasi ya moja haiingii katika nyingine. Mwenye ghala mlimani lazima aweke aina tatu, na akikosea sanduku usiku, asubuhi askari ana chuma mkononi, hana bunduki. Hayo ndiyo matunda ya kununua leo hapa na kesho pale bila kujua unakokwenda.

Twaulizwa, je, Korwa si kiwanda cha nyumbani? Twajibu kwamba kinaweza kuwa. Kutengeneza kwa kibali cha mwenye mchoro ni ngazi, na ngazi ina vidato. Kidato cha chini ni kupokea vipande katika masanduku na kuviunganisha. Kinachofuata ni kutengeneza vipande vidogo, kama kitako na kishikio. Juu yake ni mtutu na komeo, penye kazi ngumu ya chuma, kwa kuwa hapo ndipo baruti hulipuka usoni mwa mtu. Na juu kabisa ni haki ya kuubadilisha mchoro pasipo kuomba ruhusa. Atakayesimama kidato cha kwanza akapiga kelele kwamba amefika juu, anawadanganya wananchi. Akipanda kidato kwa kidato, kila mwaka akitoa hesabu ya alipofikia, anastahili kuungwa mkono. Januari 2024, huko Pune, India ilionyesha bunduki yake mpya, Ugram, iliyobuniwa na shirika la serikali la utafiti pamoja na kampuni ya nchini kwa siku zisizofika 100. Twaitakia heri. Lakini wasiisifu hata ikapimwa.

Habari hizi hatukuziandika kwa kuwatazama Wahindi kama watazamwavyo wachezaji uwanjani. Tarehe 8 Aprili, 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifungua kiwanda cha bunduki Ruiru, kilichoelezwa kuwa chaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Eldoret pana kiwanda cha risasi kilichojengwa katika miaka ya 1990. Morogoro kuna Shirika la Mzinga. Hatuvidharau viwanda hivi, bali twavitakia kukua. Lakini mwananchi anayelipa kodi anayo haki ya kuuliza yale yale ambayo Mhindi angepaswa kuuliza mapema. Mchoro ni wa nani? Chuma cha mtutu chatoka wapi? Ikionekana kasoro, nani ataisahihisha, na kwa ruhusa ya nani?

Msimamo wetu basi ni huu. Bunduki itengenezwe nyumbani, lakini ipimwe na wale watakaoibeba, si na wale walioitengeneza, na matokeo yafike Bungeni. Ikibidi kununua nje kwa dharura, dharura hiyo iwe na idadi na iwe na tarehe ya mwisho, ili isije ikageuka desturi. Mkataba wowote wa kibali utaje kwa maandishi ni lini mtutu, chuma na mchoro vitakuwa mikononi mwetu. Na fedha za kwanza zisiende kwenye jengo lenye utepe wa kukatwa. Ziende katika shule za ufundi, kwa kijana anayejifunza kupima chuma hadi sehemu ya mia ya milimita, kwa maana mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja, lakini fundi haagizwi kwa meli.

Wanachama wenzetu, mkutano wa tawi ukija na msemaji akasimama kuwaambia kwamba sasa twatengeneza silaha zetu wenyewe, mpigieni makofi. Kisha ainuke mmoja wenu kwa adabu na kumwuliza: «Ndugu, ikiharibika, twaijua kuirekebisha?» Akijibu swali hilo waziwazi, mpigieni makofi mara ya pili.